Mkono Ulioshika Mkia

Saa kumi na moja alfajiri, wodi ya wanawake, Moshi.
Sindano za saa kumi na mbili nimezianza mapema:
wagonjwa ishirini na sita, wauguzi wawili,
na mwenzangu Kilewo ameitwa leba
kumshika mkono binti anayelia kwa Kichaga.

Nimevaa glavu tangu kitanda cha kwanza.
Nakiri. Glavu zilezile:
zimesukuma toroli, zimevuta pazia,
zimeinua vyandarua, zimepokea simu
ya mume wangu akiuliza funguo ya stoo.
Mpira ule ukaninong'oneza: uko safi.
Na kweli nilikuwa safi, mle ndani,
kama kiini cha yai.

Kitanda cha tisa, Ndeshi wa Machame,
muuza maziwa, kidonda mguuni, kanula mkono wa kushoto.
Nikachanganya dawa, nikaivuta, nikatoa hewa,
nikanyoosha mkono.

"Dada," akasema, hata macho hajafumbua vizuri,
"mimi nikikamua, mkono ulioshika mkia
haurudi kwenye chuchu."

Nilitaka kumjibu. Nina diploma, nina miaka kumi na moja kazini,
nina bango ukutani, viganja vinasuguana hatua kwa hatua;
nililibandika mwenyewe, kwa plasta ya vidonda.
Nikatazama glavu. Kwenye kidole gumba
uzi wa buluu, wa chandarua cha nani sijui.

Nikazivua, ndani ikawa nje.
Ile dawa nikaitupa. Kwenye daftari nikaandika: imechafuliwa.
Sikuandika na nani.

Bomba likakohoa, likatema upepo
(na mlima wote ule juu yetu!)
nikafungua koki ya ndoo.
Sabuni. Kiganja, mgongo wa kiganja,
katikati ya vidole, chini ya pete, kucha,
huku nikihesabu kimoyomoyo
kama mtoto anayengoja wenzake wajifiche.
Kisha kuacha ikauke. Hapo ndipo pagumu,
kusimama mikono juu, hali kitanda cha kumi anaita.

Glavu mpya. Dawa mpya. Spiriti kwenye mdomo wa kanula,
na kungoja tena.
Mshipa hauna mlango wa kubishia hodi:
kilichopita kimepita.
Nikasukuma polepole.

Nyuma yangu vitanda vinane vinakoroma.
Wa zamu ya asubuhi nitawaambia: hao wapimeni joto
mara mbili. Wakiniuliza kwa nini, nitasema.

Ndeshi alikwisha kulala.
Nikaenda kitanda cha kumi.
Yaani, nikarudi kwanza kwenye ndoo.