Mlianza Lini Kulala Mbalimbali?

Afisa wa uhamiaji, hapa Bremerhaven, ana sauti ya upole.
Anauliza tarehe tu.

Miaka mitatu chini ya paa moja, ndivyo sheria inavyotaka.
Pungufu ya hapo kibali ni nguo ya kuazima:
mwenyewe akiidai, unavua njiani.

Yurany anahesabu.
Februari Detlef alihamishia mto wake kwenye kochi,
akisema mgongo unamuuma.
Machi mgongo ulipona. Mto haukurudi.
Aprili akaandika jina lake, kwa wino,
kwenye nusu ya mayai.

Jana usiku alimwomba,
kwa Kijerumani chake cha darasa la jioni:
Andika Juni. Wiki saba, Detlef,
wiki saba zinakupunguzia nini?

Naye, mtu wa kutenga chupa za kijani na za kahawia,
asiyevuka taa nyekundu hata saa nane za usiku
barabara ikiwa haina paka,
alimtazama kwa huruma, huruma ya kweli,
akajibu: Lakini ilikuwa Aprili.

Afadhali angetukana.

Fomu ina visanduku: siku, mwezi, mwaka.
Kalamu imefungwa mnyororo mezani;
hiyo hakuna wa kuifukuza.

Yurany anaishika, haandiki.
Anakumbuka usiku mmoja wa Mei,
ametoka zamu ya kuogesha wazee, njaa imemkaba,
akakaanga yai lenye jina la Detlef.
Asubuhi Detlef aliona ganda,
akanyamaza, akamwachia na chumvi mezani.

Samahani, afisa.
Hilo nalo linahesabiwa?