Ripoti ya Muhula wa Pili

Bahasha imefika ofisi ya vifurushi, Barabara ya River,
imekunjwa mara nne na kufungwa uzi wa katani
maana gundi ya shule iliisha mwezi wa sita.
Nimetia sahihi. Nimelipa mia na hamsini.
Karani ameniuliza, "Ni pesa?"
Nikamwambia, "Ni mtoto."

Mimi ni mchapaji. Mwaka wa kumi na tisa huu
nasimama kando ya mashine, Barabara ya Kirinyaga,
nikichapa ripoti za shule za watu wengine:
karatasi nzito, inang'aa kama kijiko kipya,
bwawa la kuogelea ukurasa wa pili,
farasi ukurasa wa tatu,
na alama? Alama huwekwa nyuma, kwa herufi ndogo,
mahali mzazi hafiki kabla chai haijapoa.
Tunaita kazi. Nyanya yangu angeita
kupaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Hii ya leo ni karatasi ya gramu hamsini na tano.
Nakiona kidole changu upande wa pili.
Taipureta yao imevunjika herufi ya e,
kwa hiyo binti yangu, Wakesho Mwadime,
ni Wak sho Mwadim  tangu kidato cha kwanza,
nami nimezoea kuliziba pengo kwa sauti.

Nafasi: ya ishirini na tisa.
Kati ya: thelathini na wanne.
Hisabati, D. Anaweza.
Kemia, D. Anaweza.
Historia, C. Anaweza.
Neno moja safu nzima, kama chapa ya ng'ombe.
Anaweza nini, walimu wangu?

Chini yake, waraka wa mwalimu mkuu.
Wastani wa shule ulikuwa tatu nukta nne moja,
sasa ni tatu nukta tatu nane. Tumeshuka.
Hakuandika changamoto. Hakuandika safari.
Ameandika: mwalimu wa fizikia alihama Februari,
hatujapata mwingine, nafundisha mimi,
na fizikia siijui vizuri.
Ameandika: maharagwe yaliingia dumuzi,
wiki mbili tulikula tukichambua.
Ameandika: deni lako ni elfu nane na mia nne,
lakini mtoto hatukumrudisha,
kwa kuwa nauli ya kumrudisha ni deni jingine.

Nimesoma nimesimama.
Mtu wa mkokoteni amenipigia mluzi, sikusogea,
akanitukana, akazunguka.
Miaka kumi na tisa ya wino kwenye kucha
sijawahi kuchapa maneno haya, siijui vizuri.
Hakuna mteja aliyewahi kuyalipia.

Nikageuza karatasi nikiitafuta tarehe ya kufungua.
Hapo nyuma, kwa penseli, mkono mwingine,
mzito, usiotii mstari:
Baba Wakesho, mimi ni Mghoi wa jikoni.
Usiku ng'ombe wa shule aliposhindwa kuzaa
huyu ndiye alishika taa mpaka asubuhi.
Damu haikumtisha. Ndama yuko.
Nimeona hawana mahali pa kuiandika.

E zote alikuwa nazo. Penseli haivunjiki mgongo.

D bado ni D. Jumapili nitapiga simu,
tutazungumza hisabati, na sitacheka.
Elfu nane na mia nne bado ni yangu.
Lakini leo bosi akishaenda, mashine ikiwa na joto,
nitapanga fomu mpya kwenye mabaki ya karatasi ya farasi,
nakala sitini na moja, idadi yao yote:
jina, somo, alama, nafasi,
kisha chini, chumba kipana
ambacho nimekaa hapa tangu saa kumi
nikijaribu kukipa kichwa, nikifuta.

Nitakiacha wazi.
Nitatuma na penseli.