Binti wa Namba Arobaini na Saba

Sheria ilisema: ghorofa hizi ni za wakazi wa Bohari,
waliohesabiwa kabla mabati hayajang'olewa,
wao na watoto wao. Basi.
Si za kuuzwa mpaka ipite miaka minane,
si za mpangaji wa Umoja
mwenye akiba ya miaka kumi na moja na hana pa kuiweka.

Mimi ndiye huyo wa Umoja.

Zipora Khavere alikuwa na jina kwenye orodha
na hakuwa na amana. Mimi nilikuwa na amana.
Tulikutana kwenye kibanda cha githeri, nyuma ya barabara ya Jogoo.
Alinitazama viatu kwanza, kisha uso,
akasema, "Nitakuzaa. Laki mbili na nusu."

Uchungu ulichukua wiki tatu.
Kila jioni nikitoka kazini alinifundisha utoto wangu:
kwamba bomba letu lilikuwa la tatu kutoka chooni,
na lilikohoa kabla ya kutapika maji;
kwamba namba arobaini na sita alikaa Odawa, fundi saa,
aliyerudi usiku akipiga kwa mluzi mlio wa taarifa ya habari;
kwamba mwaka wa mafuriko tulilala juu ya meza,
sisi sote wanne, na mbuzi wa watu.
"Mbuzi wa nani?" nikauliza.
"Wa watu. Sema hivyo hivyo.
Anayejua kila kitu ndiye mgeni."

Siku ya mahojiano karani alikuwa na mafua.
Alipangusa pua, akafungua faili, akauliza swali moja:
"Nje ya nyumba yenu kulikuwa na mti gani?"
Hatukuwa tumesoma mti.
Nikasema, "Mti? Tulikuwa na kamba ya nguo tu."
Akagonga muhuri.

Sasa niko ghorofa ya sita, mlango wa kijani,
sakafu ya vigae, maji yasiyokohoa.
Majirani wananiita binti Khavere, hawaulizi zaidi;
nusu yao nao walizaliwa mwaka jana.
Jioni ngazini wakikumbushana nani alikaa wapi
namtaja Odawa na mluzi wake,
na ubao wa ile meza nausikia mgongoni, umelowa.
Kijana wa ghorofa ya pili, mzaliwa hasa, aliniambia,
"Dada, wewe unakumbuka kuliko sisi."

Zipora alikuja mara moja, kutoka Kayole.
Laki zake zilikwenda kwa karo ya mjukuu, na meno.
Hakuketi. Alisimama roshani,
akaitafuta kwa kidole, huko chini, nyumba yake,
akaikosa, akakadiria: "Pale penye gari jeupe."
Akaomba maji, akanywa,
akanirudishia kikombe amekwisha kukiosha.

Usiku wa kuamkia jana simu iliita.
Hospitali. Muuguzi, sauti ya zamu ndefu:
"Kwenye fomu hapa kuna namba yako peke yake.
Wewe ni nani wake?"

Jibu nilikuwa nalo. Nililisoma wiki tatu,
nikalitoa mbele ya karani bila kupepesa.
Sasa likanikwama kooni,
likakohoa
kama bomba la tatu kutoka chooni,
kisha likaja.