Kipimo cha Maji

Nusu lita, dakika arobaini kabla.
Jildou ananipa glasi kama anayekabidhi zamu.
"Usiende haja, Wiebren, hata mvua ikinyesha."

Mimi? Miaka thelathini na mmoja
nimeyazuia maji ya Friesland kwa lango la chuma,
nikayapandisha, nikayashusha,
boti za mchanga zikinisubiri kwa adabu,
na leo nabana mapaja kwenye kiti cha plastiki
nikihesabu vigae.

Pete nimemwachia Baukje.
Sumaku haijui ndoa.

Ndani, mashine inagonga, inanyamaza, inagonga,
fundi aliyesahau msumari alipouweka.
Kwenye skrini yao mimi ni rangi ya kijivu,
mashamba baada ya mafuriko:
hapa kibofu, hapa utumbo,
katikati tezi, si kubwa kuliko yai la njiwa,
na ubavuni mwake, kushoto,
lile doa.

Nilidhani kitu cha ndani hukaa kilipowekwa.
Kumbe hutembea.
Hewa kidogo tumboni, maji yamezidi kidogo,
nayo imesogea milimita nne tangu Jumanne.
Milimita nne! Langoni kwangu
hiyo ni kutu tu.

Basi wanachora upya.
Nimelala, mikono kifuani,
maiti mwenye haraka ya choo,
na nyuma ya ukuta vijana watatu
wanabishania mpaka wangu.

Baba yangu walimlenga kwa kukisia.
Walichoma walichokitafuta, wakachoma na majirani zake.
Miaka sita aliishi hatua tatu kutoka chooni,
akituambia anasoma gazeti.
Nasi tulikuwa tukimnunulia magazeti.

Kisha mwale. Hauna joto, hauna harufu.
Nikivuta pumzi ndefu mno unasita, unanisubiri,
na tezi ikirudi mahali pake unaendelea.
Sijapata kusubiriwa hivyo
na kitu kinachokuja kuua.

"Tayari," anasema Jildou. "Zimebaki tatu."
Simjibu. Nimeshashika njia,
gauni wazi mgongoni, soksi zikiteleza,
nampita Baukje na pete yangu kwenye kidole gumba chake,
najifungia.

Muda unapita. Anabisha.
"Unasoma gazeti humo?"

Maji bado yanashuka.
Mwache angoje kidogo.