Daftari la Eskild

Aliingia na theluji mabegani, mpwa wangu Eskild,
miaka kumi na tisa, shingo ndefu kama ya bata maji,
akalilaza daftari juu ya benchi langu la kutengenezea baiskeli,
kati ya minyororo na kopo la grisi.
Kurasa kazipiga mistari kwa rula. Safu nne:
wetu wa nchi kavu, wetu wa majini,
Waingereza wapandao vilima vya Welisi,
Wamarekani wenye kengele ufukweni.
"Mjomba, nani zaidi?"

Zaidi kwa lipi? Unapima maji kwa futikamba, mwanangu.
Lakini akililia wembe, mpe.
Nikafuta mikono, nikampa.

Wa majini watakufunga mikono kwa nyuma, na miguu,
wakutose bwawani uokote barakoa kwa meno.
Siri yao si pumzi, ni kutopapatika:
anayepigana na maji huyanywa.
Hawa wa kwetu, hapa Aalborg,
watakubebesha mzigo na ramani ya kukariri,
kwani karatasi mfukoni hata adui huisoma.
Waingereza hawakuambii muda waliouweka;
utaukata ukungu kutwa
usijue umewahi au umechelewa.
Wamarekani, ukichoka, unagonga kengele,
unaipanga kofia yako na za wenzako,
unakwenda kuoga maji ya moto.
Kila kikosi kina mlango wake wa kutokea.
Linganisha hiyo milango, Eskild.
Wa kuingilia ni ule ule.

"Na kujiunga?"
Anza na jeshi la kawaida. Jifunze kufua soksi.
Macho yapimwe, meno yang'olewe yanayosumbua.
Kucha za miguu zikate mraba.
Kimbia siku usiyotaka, hasa siku usiyotaka.
Na mama yako umwambie wewe,
Inger-Lise asije akazisikia kwa jirani.

"Na sisi, kengele yetu iko wapi?"
Kwetu hakuna kengele, nikasema.
Akaandika: *hakuna kengele*. Akapiga mstari chini yake.

Habari ya lori sikumpa.
Usiku wa sita, msitu wa Rold,
mvua ile isiyodondoka, inayoelea tu hewani.
Palle mbele yangu, mgongo wake ndio dira yangu.
Lori limeegeshwa, taa ya ndani manjano kama siagi,
na mkufunzi, mtu mpole, sauti ya mkutubi:
"Kahawa, Mogens?"

Hakunikaripia. Laiti angenikaripia!
Nilisema ndiyo, tafadhali. Mtu wa adabu zangu.
Nikakishika kikombe kwa mikono miwili,
nikamwona Palle akimezwa na miti,
hakugeuka.
Blanketi lilinukia sabuni.

Miaka ishirini na sita.
Palle huja hapa kujaza upepo, goti moja la chuma,
mwenye safari zake ambazo haziulizwi.
Tunazungumza matairi. Tunazungumza kutu.
Mara moja tu, akiwa mlangoni, alisema:
"Ilikuwa na sukari?"
Nikamjibu, vijiko viwili.
Akatikisa kichwa kama mtu aliyelipwa deni dogo.

Saa kumi jioni, giza limeshakaa dirishani.
Mkono wangu ukaifuata chupa ya moto, mazoea tu,
ukammiminia mtoto wa dada yangu.
"Kahawa?"

Akauangalia mvuke.
Sijui Inger-Lise amemwambia nini miaka yote hii,
au hakumwambia, na damu ndiyo iliyonong'ona.
Akakisogeza kikombe upande wangu kwa kidole kimoja,
polepole, kisimwagike.
"Asante, Mjomba. Bado."

Kisha akafungua ukurasa mpya,
akaniomba nimwoneshe, kwa mkasi wa kukatia nyaya,
kucha inakatwaje mraba.