Kuhojiwa Isyonje

Nilikwenda na maswali yangu, nimeyaandika
nyuma ya risiti ya mbolea:
baba yao yuko wapi, nyonga za ukoo wao zikoje,
wamechanjwa mara ngapi, bei ya mwisho shilingi ngapi.
Ukungu ulikuwa umelalia matuta ya viazi
na Bi Tumwitike Mwambene akatoka na mabuti ya mpira,
akanitazama viatu kwanza.

"Nawa mikono. Hapo, kwenye dawa.
Na soli pia."
Nikanawa kama daktari wa upasuaji,
nikakanyaga beseni kama ng'ombe wa josho.
Akavuta kigoda.
Akakalia mwenyewe.

"Una uzio?"
Ninao, wa matete.
"Matete ni mapambo. Mchana nani yuko nyumbani?"
Mama mkwe.
"Anapenda mbwa?"
Nikakohoa.
Akakiandika kikohozi changu kwenye daftari.
"Utamfunga mnyororo?"
Hapana.
"Wote husema hapana."

Juzi, akasema, alikuja bwana mwenye gari la vioo vyeusi,
akataka wawili, dume na jike, wa tumbo moja,
azalishe, awauzie madereva wa malori kule Tunduma.
Akahesabu noti juu ya boneti.
"Nikamwambia, baba, boneti lina moto, noti zitajikunja."
Mtu akaondoka, vumbi likabaki.

"Na aliyetangulia? Alikufaje?"

Hili halikuwa kwenye risiti.
Ningeweza kusema gari. Ningeweza kusema nyoka.
Nikasema: Mwanjelwa. Boksi la sabuni kando ya mitumba,
kijana anaapa hii ni mbegu ya Kijerumani kabisa,
mama yake yuko kwa bosi, leo haonekani.
Tumbo limevimba kama kibuyu, nikadhani ni shibe.
Kumbe minyoo. Kumbe wiki nne tu,
bado mdomo unatafuta ziwa kwenye kidole changu.
Mwanangu Lusekelo akamwita Radi.
Siku tisa. Mbili za mwisho, damu.
Tulimzika usiku chini ya mparachichi
na mtoto akauliza mbona radi haikupiga.

Bi Tumwitike hakunipa pole.
Alifungua wavu.

Sajini akatoka, jike, masikio wima,
mgongo mweusi kama sufuria ya kande,
chuchu zingali zinaning'inia.
Hakubweka. Akaninusa viganja,
kimoja, halafu kingine, polepole,
kama mtu anayesoma masharti ya mkopo.
Kisha akakalia mguu wangu.
Uzito ule. Joto lile, katika baridi ya Isyonje,
na nyuma ya wavu watoto saba wanapandana
kama magunia yaliyopata miguu.

"Sasa wana wiki tano. Njoo wakitimiza nane.
Bei haipungui. Ukishindwa, unamrudisha hapa:
humpi jirani, humwuzi, humtupi. Weka sahihi.
Na uzio uwe wa mbao."

Ndaga, nikasema. Ndaga fijo.
Nikarudi Uyole na kikapu kitupu.
Mke wangu akachungulia ndani:
"Umenunua nini sasa?"
Misumari, nikasema. Kilo mbili.

Alikuja na kadi ya chanjo yenye mihuri
na kipande cha kitenge alicholalia mama yake.
"Usikifue," Bi Tumwitike aliniagiza,
akageuka haraka akaenda kupekua ndoo isiyo na kitu.
Saa nne za usiku simu ikaita.
"Kalia?"
Kalia kidogo. Kalala puani mwa kitenge.
"Haya." Hakukata. Tukasikilizana tukipumua,
kule kwake Sajini akabweka mara moja,
na huku kwangu sikio moja dogo likasimama.

Lusekelo alikataa kumpa jina.
Alihesabu kwa mkaa kwenye mbao mpya za uzio,
mstari, mstari,
mama mkwe akilalamika anachafua,
huku akimmegea kijibwa ugali chini ya meza.

Asubuhi ya mstari wa kumi
mtoto alipiga magoti kwenye umande,
akainua lile sikio,
akanong'ona kitu.
Sisi hatujaambiwa.