Mtufaha Usiomo Kwenye Mchoro

Jumamosi, saa tatu, tunakutana penye stesheni
iliyobaki ngazi tatu na kibao kisicho na jina.
Mvua ya Cwm Hesgen hainyeshi, inaning'inia tu,
kama mgeni asiyejua aingie au arudi kwao.
Meirwen anagawa glavu kutoka buti la gari lake.
Za kushoto ni nyingi kuliko za kulia.
Hakuna ajuaye kwa nini, na tumeacha kuuliza.

Mimi niliambiwa na daktari nitembee.
Gethin aliambiwa na hakimu: saa mia na ishirini.
Hefin hakuambiwa na mtu. Mkewe alifariki Machi,
na nyumba, anasema, imeanza kumjibu.

Msaragambo, basi. Hakuna pembe la kuitana,
ila chupa mbili za chai na toroli lenye gurudumu linalolia.
Mchumia juani hulia kivulini, wahenga walisema;
hapa jua lenyewe ni la kuazima,
linarudishwa kabla ya adhuhuri.

Njia hii iliteremsha makaa ya mawe hadi bandarini
mpaka makaa yakaisha, na vifua vya wachimbaji vikaisha nayo.
Reli ziling'olewa, zikauzwa kwa kilo.
Mataruma yakawa kingo za bustani za watu.
Kokoto zikabaki. Nani anunue kokoto?
Juu yake miiba ikapanda, ikafumana,
ikafunga njia kama mlango wa mtu aliyenuna
miaka hamsini.

Tunaunyoa mnuno huo, hatua nne kwa siku,
tano mvua ikitusahau.
Baraza la mji limetupa mchoro:
duara la kijani ni mti wa kupanda,
mraba ni benchi,
na kila kisichomo, umeandika mchoro, kiondolewe.
Gethin hukata kana kwamba miiba ndiyo iliyomshtaki.

Mwezi wa kumi, ng'ambo ya daraja la matofali,
msumeno wake ukanyamaza.
Tofaa lilikuwa limempiga begani.

Tukasogeza miiba kwa vijiti, taratibu,
na huko ndani ulisimama mtufaha,
umejipinda kutafuta mwanga, gome limeota ukoga,
matunda mekundu upande mmoja tu,
upande wa kona.

"Hapa lilipunguza mwendo," akasema Hefin,
"garimoshi la zamu ya usiku.
Hapa walikuwa wamefika mwisho wa matofaa yao.
Makokwa waliyatupa dirishani."
Akafuta mikono iliyokuwa mikavu.
"Na baba alikuwa akikaa dirishani."

Tukala tumesimama. Lilikuwa chachu,
na mwishoni uchungu mdogo, kama neno
lililosemwa kwa haki lakini kwa sauti kubwa.
Gethin akamaliza lake, akarusha kokwa mbali, majanini,
kisha akatugeukia haraka
kama aliyevunja dirisha.
Hatukusema kitu. Meirwen alimimina chai.

Jumanne akaja ofisa, viatu safi, mchoro ndani ya nailoni.
Akahesabu kwa kidole, akahesabu tena.
"Mti huu haumo."
Meirwen akatoa penseli sikioni,
akauinamia mchoro hapo hapo juu ya toroli,
akachora duara. Halikuwa duara zuri.
"Sasa umo."
Ofisa akatazama duara, akatazama mvua,
akauliza kama chai imebaki.

Saa za Gethin ziliisha Novemba, wiki ya pili.
Meirwen alimtilia sahihi karatasi yake,
akampa mkono, akaenda zake.
Hefin alisema vijana ni hivyo.
Mimi nikasema ndivyo.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa tumeshafika darajani
tuliposikia kokoto zikilia nyuma yetu.
Alikuwa amechelewa, hakusalimu,
na mikononi alivaa glavu mbili,
zote za kushoto.